Ng'ombe Hakuukausha Ruaha

Kila kiangazi kikikolea, shtaka ni lilelile. Picha za viboko waliobanana kwenye tope la Hifadhi ya Taifa ya Ruaha huanza kusambaa, msafara wa magari hushuka hadi kwenye mchanga ulipokuwa mto, na kiongozi husimama mbele ya kamera kusema kile ambacho kila aliyefuatana naye alishajua atakisema: wafugaji wamevamia Ihefu, mifugo imemaliza maji, waondoke. Anapigiwa makofi. Mvua zinakuja, watu wanasahau, na mwaka unaofuata mto unakauka tena.

Maelezo haya yameota mizizi kwa miaka 30 sasa. Unayasikia vijiweni na unayasikia kwenye warsha za wenye shahada tatutatu. Ndiyo yaliyotumika kuhamisha maelfu ya watu mwaka 2006, na ndiyo yaliyorudiwa, kwa maneno mapya kidogo, mwaka 2022. Nami nasema si kweli. Sisemi yametiwa chumvi tu. Nasema hesabu haiyakubali, na walioyaamini wamewafukuza watu makwao bila kurudisha mtoni hata ndoo moja.

Tuanze na mto wenyewe, maana wengi wanaoupigia kelele hawajui unapita wapi. Ruaha Mkuu na mito inayouchangia, Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na mingineyo, huanzia kwenye nyanda za juu za Mbeya, Njombe na Iringa ambako mvua si haba. Ikishuka Usangu, wilayani Mbarali, inakuta tambarare yenye mvua chache na jua lisilo na huruma. Huko maji hutawanyika na kuwa kinamasi. Hiyo ndiyo Ihefu. Kinamasi hicho kina mlango mmoja wa kutokea, Ng'iriama, na mlango huo una kizingiti cha mwamba. Maji ya kinamasi yakiwa juu ya mwamba, mto unaendelea kwenda hifadhini, kisha Mtera, Kidatu na hatimaye Rufiji. Yakishuka chini ya mwamba, hata kama ni kwa upana wa kiganja, mto umekatika. Ihefu inaweza kuwa bado na maji ya kuwatosha viboko kuogelea, lakini upande wa pili wa mwamba ni mchanga mtupu.

Mto ulikatika hivyo mwaka 1993, na tangu hapo imekuwa karibu kila mwaka. Mwaka 2022 ulikaa bila kutiririka hifadhini kwa zaidi ya siku 100. Japhet Kashaigili wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzake waliwahi kukadiria kwamba ili kiasi cha nusu mita ya ujazo tu kwa sekunde kivuke pale Ng'iriama wakati wa kiangazi, kinamasi lazima kiingiziwe takriban mita 7 za ujazo kwa sekunde, yaani karibu mara mbili ya zilizokuwa zikiingia wakati walipofanya utafiti. Zinazobaki huchukuliwa na jua na majani. Kwa hiyo swali la maana haliko ndani ya Ihefu. Swali ni kwa nini kuanzia Julai hadi Novemba maji hayafiki Ihefu.

Sasa tumlete mshtakiwa. Ng'ombe wa kienyeji kiangazini anaweza kunywa lita 40 kwa siku. Wengi hawafikishi, lakini tumpe 40 ili mwendesha mashtaka asilalamike. Tumpe pia idadi kubwa: tuseme Usangu ina ng'ombe laki tano, wote wakinywa maji ya mto huu, hakuna hata mmoja anayekunywa kwenye lambo wala kisimani. Hizo ni lita milioni 20 kwa siku. Gawanya kwa sekunde za siku nzima, unapata lita 231 kwa sekunde. Haifiki hata robo ya mita moja ya ujazo, na kinamasi kinadai mita 7.

Hekta moja ya mpunga nayo hutaka si chini ya lita moja kwa sekunde, usiku na mchana, na mashamba mengi huchukua zaidi ya hapo. Maana yake ni kwamba ng'ombe wote hao laki tano, na pembe zao, wanakunywa maji ya hekta 231 za mpunga. Usangu hulimwa mpunga wa kumwagilia hekta zipatazo 20,000 mwaka wa mvua mbaya, na hufika 40,000 mwaka ukiwa mzuri. Kama una shaka na idadi ya ng'ombe, izidishe mara mbili. Bado hujafika popote.

Najua jibu litakalokuja: mpunga ni zao la masika, ng'ombe anakunywa kiangazi, kwa hiyo umelinganisha vitu viwili visivyokutana. Ni jibu zuri, na ndilo linalotupeleka kwenye mabanio.

Banio la kienyeji la Usangu lilikuwa kazi ya siku chache na mikono mingi. Watu walikata miti, wakaichomeka kwenye kitanda cha mto, wakajaza mawe, majani na udongo, maji yakainuka kidogo na kuingia mferejini. Lilivuja kila mahali. Mto ukifurika lilizolewa, likajengwa tena. Wa juu hakuweza kuzuia maji yote hata kama alitaka, kwa sababu nusu yake yalipenya kwenye matawi na kwenda kwa jirani wa chini, na ya jirani yakavuja kwenda kwa mwingine, mpaka Ihefu. Wabaluchi walioweka makazi Usangu ndio waliotangulia kulima mpunga wa mifereji kule, kabla ya uhuru, na Wasangu na wageni wengine wakafuata, wote kwa mabanio ya aina hiyo.

Kisha ikaja serikali na saruji. Miaka ya 1970, kwa msaada wa China, likajengwa Shamba la Mbarali lenye hekta zaidi ya 3,000, likanywa maji ya mto Mbarali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 likakamilika Kapunga, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, likichota Ruaha yenyewe. Katika muongo huohuo ikafuata skimu ya Madibira kwenye Ndembera. Pamoja na hayo ukapita mradi baada ya mradi wa "kuboresha" mabanio ya wakulima wadogo: ukuta wa zege kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, mlango wa chuma, gurudumu la kuzungusha, bango lenye majina ya wafadhili. Tazama mwaka ambao Kapunga ilikamilika na mwaka ambao mto ulikatika, kisha uniambie nani alistahili kuhojiwa kwanza. Sisemi Kapunga peke yake ndiyo iliyoukausha mto. Nashangaa tu kwamba uchunguzi ulianzia kwenye boma la mfugaji wa Kisukuma.

Nenda Agosti kwenye banio la zege ujionee. Mfereji unatiririka vizuri, umejaa nusu, watoto wanaoga, mama anafua. Vuka ukuta uangalie upande wa chini: mawe meupe yaliyokauka, mchanga, pengine dimbwi moja lenye vyura. Wakati huo mpunga umeshavunwa. Maji yale yanakwenda wapi? Mengine yanakwenda kwenye bustani za vitunguu na mahindi ya kiangazi, jambo ambalo ni halali kabisa. Mengine yanalowesha majaruba mapema ili mwenye shamba apandikize kabla ya wenzake na kuuza mchele bei ikiwa juu. Mengine yanatumika kufyatulia matofali. Mengi yanazurura tu kwenye mashamba matupu hadi yanapokaushwa na jua, kwa kuwa hakuna aliyekuja kufunga geti. Aliyejenga geti alipewa pesa za kujenga. Wa kulifunga hakupewa chochote.

Wataalamu wa ufanisi walituambia banio la kienyeji linapoteza maji. Lilipoteza kwa nani? Yaliyovuja yalikuwa maji ya mto yaliyobaki mtoni. Walichofanya wahandisi ni kumpa mtu wa juu uwezo wa kuchukua tone la mwisho, wakauita uwezo huo uboreshaji. Watafiti wa Sokoine, Chuo Kikuu cha East Anglia cha Uingereza na taasisi ya kimataifa ya usimamizi wa maji, IWMI, waliofanya kazi Usangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, waliliandika hili wazi. Kabla yao mradi wa SMUWC, uliochunguza kinamasi na vyanzo vyake, ulikuwa umeshasema kwamba kukauka kwa mto kiangazini kunatokana na maji yanayochepushwa kwenda mashambani, wala si mifugo. Kwa hiyo serikali haikukosa taarifa. Taarifa zilikuwa mezani kabla ya malori ya kuhamisha watu kuwashwa.

Kibali cha maji nacho kinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu watu wengi wanadhani kibali ni breki. Tuseme skimu imepewa kibali cha lita 500 kwa sekunde. Machi, mto unapitisha maelfu ya lita, kwa hiyo 500 si kitu. Septemba, mto wote umebaki na lita 400. Mwenye kibali akifungua geti lake wazi atachukua mto mzima, na bado atakuwa chini ya kiwango alichoidhinishiwa. Hajavunja sheria yoyote. Ameukausha mto kwa risiti. Halafu, kwa kuwa ada hulipwa kwa kiasi kilichoandikwa, anaona afadhali maji aliyoyalipia yaingie shambani hata kama hana cha kumwagilia. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaweka matumizi ya nyumbani mbele, kisha maji ya kulinda mazingira, ndipo shughuli za uchumi. Kwenye karatasi Ihefu inamtangulia mpunga. Kwenye geti anatangulia aliye juu.

Linganisha na bidii yetu mahali pengine. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, na maofisa wetu wanaijua namba hiyo kama wanavyojua majina ya watoto wao. Mama mwenye kinyungu cha mchicha na mahindi mabichi bondeni Njombe amepimiwa mita 60 kwa futi kamba, akang'olewa mazao yake mbele ya macho yake. Ni mara ngapi umesikia ofisa amekwenda na kipimo kwenye geti la shamba la maelfu ya hekta?

Basi tuje kwenye jaribio lenyewe, kwa sababu kwa bahati mbaya tumeshalifanya, kwa gharama ya watu wengine. Machi 2006, nchi ikiwa kwenye mgawo wa umeme, Ofisi ya Makamu wa Rais ilitangaza mkakati wa haraka wa kuokoa vyanzo vya maji. Kuanzia Mei mwaka huo wafugaji wa Usangu, Wasukuma, Wabarabaig na Wamasai, wakahamishwa na ng'ombe wao kupelekwa Lindi na Pwani. Ng'ombe walikufa njiani, familia zilitawanyika, na malalamiko yalikuwa mazito kiasi cha Rais Kikwete kuunda tume ya kuchunguza zoezi lile. Mwaka 2008 eneo la Ihefu likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha kwa Tangazo la Serikali Namba 28. Mshtakiwa akawa ameondolewa eneo la tukio, na uzio wa kisheria ukazungushwa.

Mto ukakauka. Ukakauka 2009, ukakauka miaka iliyofuata, na ulipokauka 2022 ulikauka kwa muda mrefu kuliko enzi za ng'ombe. Kwenye mahakama yoyote, kosa likiendelea kutendeka huku mtuhumiwa yuko Lindi, hakimu angemwachia. Sisi tulihitimisha kwamba hatukufukuza vya kutosha. Oktoba 2022 vijiji vitano vya Mbarali vikaambiwa na vyenyewe viondoke, safari hii wakulima wamo pia. Mradi wa utalii na maliasili wa kusini, REGROW, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 150 mwaka 2017, ukaingia kwenye lawama za mateso dhidi ya wananchi waishio jirani na hifadhi; benki ikasitisha fedha Aprili 2024 na mradi ukafutwa Novemba mwaka huohuo.

Tukumbuke pia ahadi. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alisimama London, kwenye maandalizi ya mkutano wa dunia wa maendeleo endelevu, akaahidi kwamba kufikia 2010 Ruaha Mkuu ungetiririka mwaka mzima. Ahadi njema, na sina sababu ya kudhani hakuimaanisha. Ila aliahidi maji wakati serikali yake inaendelea kujenga mabanio.

Umeme ndio uliofanya uongo huu kuhusu ng'ombe upate nguvu, kwa hiyo hauepukiki. Kila Mtanzania aliyekuwa na redio miaka ya 1990 na 2000 anaikumbuka namba 690. Hicho ndicho kiwango cha chini cha maji cha Bwawa la Mtera, mita 690 juu ya usawa wa bahari, na bwawa lilipoikaribia tulikaa gizani. Mtera yenyewe hufua megawati 80, na ndiyo tangi la Kidatu yenye megawati 204. Tukaambiwa: taa zimezimika kwa sababu ng'ombe wako Ihefu. Watu wakaamini, maana giza linamfanya mtu aamini chochote. Lakini Mtera hujazwa na mafuriko ya masika, na hupokea pia Ruaha Mdogo na Kisigo ambazo hazipiti Usangu kabisa. Maji ya kiangazi ya Ng'iriama, hata mto ulipokuwa haukauki, yalikuwa kidogo mno kuliinua bwawa la ukubwa ule. Watafiti Machibya, Lankford na Mahoo walipochambua mgogoro huo mwaka 2003, walikuta kwamba tatizo kubwa la bwawa miaka ya 1990 lilikuwa namna maji yalivyofunguliwa Mtera yenyewe. Maji yaliachiliwa bila mpangilio, tukayatafuta kiangazi tusiyaone. Ndiyo kusema mgawo wa umeme ulitafutiwa mchawi mbali kabisa na chumba cha mitambo.

Leo hoja imehamia kwenye Bwawa la Nyerere, kwenye mto Rufiji. Okoa Ruaha, tunaambiwa, uokoe megawati 2,115. Ruaha Mkuu unatoa takriban asilimia 15 ya maji ya Rufiji. Kilombero unatoa takriban asilimia 62. Ruaha unastahili kuokolewa kwa sababu zake wenyewe, na usitumiwe kama bango la mradi mwingine. Tena waliofukuzwa Usangu baadhi yao waliishia Kilombero, na mwaka 2012 operesheni nyingine ikawakuta hukohuko. Kama ng'ombe wangekuwa na hatari inayosemwa, basi sisi wenyewe tuliwatoa kwenye asilimia 15 tukawapeleka kwenye 62.

Kuna wanaoniona nawatetea wafugaji kupita kiasi. Hapana. Mifugo mingi mahali pamoja inakanyaga kingo, inamomonyoa udongo, inachafua maji, inaleta ugomvi na wakulima ambao umeshamwaga damu. Malisho yapangwe, malambo yachimbwe, idadi izungumzwe. Lakini kuharibu malisho ni kosa moja, na kukausha mto ni kosa jingine; huwezi kumfunga mtu kwa la pili kwa kuwa una ushahidi wa la kwanza. Wala simhamishi mchawi kutoka boma la mfugaji kwenda jaruba la mkulima mdogo. Mchele wa Mbarali unaliwa Dar es Salaam, unaliwa Nairobi, na mimi ninaula. Mkulima anachukua maji kwa sababu yanapita mbele ya mlango wake, na hakuna aliyemwambia kwa namna inayoeleweka ni lini aache.

Wengine sasa wamekimbilia mabadiliko ya tabianchi, neno ambalo linamfaa kila mwenye geti kwa sababu halina anwani. Tabianchi inabadilika, hilo halina ubishi, na huenda miaka ijayo ikawa mibaya. Lakini watafiti walipopitia kumbukumbu za mvua za bonde lile hawakuona upungufu wa kulingana na mto uliokatika ghafla mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mvua za milimani ziliendelea kunyesha. Kilichobadilika ni kinachotokea kati ya mlima na kinamasi.

Na tusidhani kilichopotea ni wingi wa maji peke yake. Mto ukikatika hifadhini, viboko hujikusanya kwenye madimbwi machache yaliyosalia, mamia ya miili kwenye maji yasiyokwenda popote. Kiboko hula nchi kavu usiku na kunya majini mchana. Mto ukitiririka, kinyesi hicho ni chakula cha samaki na wadudu kwa kilomita nyingi. Mto ukisimama, kinarundikana chini, kinaoza, kinamaliza hewa ya oksijeni, dimbwi linageuka rangi na kuwa kama chai iliyochacha, samaki wanatoweka. Keenan Stears wa Chuo Kikuu cha California na wenzake walichapisha utafiti kuhusu hilo mwaka 2018, na waliufanya humohumo Ruaha. Kiboko ni yuleyule, kinyesi ni kilekile. Geti la juu ndilo lililokigeuza kuwa sumu. Huku bondeni nako vijiji vingi huchota maji ya kunywa kwenye mfereji, nayo yanapomfikia wa mwisho yameshapita kwenye majaruba ya watu yenye mbolea na dawa za kupulizia.

Hapo ndipo penye ufunguo wa jambo zima, nao umepuuzwa kwa sababu haupigi picha nzuri. Moja ya sababu kubwa za kuacha mageti wazi kiangazi ni kwamba mfereji ndio bomba la kijiji. Ukiufunga Julai, watu watakunywa nini? Chimba visima, weka mabomba, na utakuwa umempa mwanakijiji maji safi kuliko ya mferejini na umemwondolea sababu ya kuzuia mto. Binadamu na ng'ombe wake wakipata yao kisimani, geti la zege linaweza kufungwa mpunga ukishavunwa na kufunguliwa mvua zikianza. Kwa wenye bustani za kiangazi, kibali kiandikwe kwa mafungu ya mto badala ya lita: mto ukiwa na kumi, chukua tatu, ukiwa na mbili, chukua sehemu yako ya hizo mbili. Watafiti waliokuwa Usangu walipendekeza mambo ya namna hii zaidi ya miaka 20 iliyopita.

Tena wanakijiji hawana ugumu wa kuelewa. Bruce Lankford wa East Anglia alitengeneza ubao wa mbao ulioinama, wenye mfereji wa kati mithili ya mto, akawapa watu wa Mbarali vijiti vya kufanya mabanio na gololi za kufanya maji. Wanaokaa juu ya ubao wanachomeka vijiti, gololi zinajaa kwao, na wa chini wanabaki kutazama mashimo matupu. Halafu wanabadilishana nafasi. Mzee aliyekuwa akijidai juu anajikuta chini bila gololi hata moja, na mjadala unaofuata kuhusu zamu ni mkali na wa kweli kuliko semina yoyote ya hotelini. Watu hao hawahitaji kuhamishwa. Wanahitaji kuona nani amechukua ngapi.

Na hilo ndilo ninaloliomba kwa Wizara ya Maji na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji. Kuanzia Julai ijayo, kila wiki, bandikeni kwenye ofisi ya kila kata ya Mbarali na mtangaze redioni: banio gani, mto gani, limefunguliwa au limefungwa, lita ngapi zimeingia mferejini na ngapi zimepita kwenda chini. Anzeni na mashamba makubwa yenye vibali vikubwa, mmalizie na ya wadogo. Hadi orodha hiyo itakapoonekana ukutani, asihamishwe mtu mwingine Usangu kwa jina la mto.